Mahamri ya Kibokoni, viazi karai vya jioni, na safari ya kuvivusha hadi Likoni

Mamangu alizaliwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, na tangu magoti yaanze kumsumbua umepita mwaka na zaidi hajavuka feri. Habari za mjini haziulizi. Anachouliza ni mahamri. Kila asubuhi hulivunja lile la dukani kwetu Likoni, akalinusa, akaliweka chini ya kisahani. "Hili ni tamu tu. Iliki iko wapi?" Mwezi uliopita nikajipa kazi ya kwenda ng'ambo, nizunguke Marikiti na vichochoro vya Mji wa Kale, ninunue vile vyakula alivyokulia na nivifikishe nyumbani vikiwa bado vinalika.

Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilirudi karibu mikono mitupu, mara ya pili nikapata nilichotaka, mara ya tatu nikapata na nikapoteza. Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye naye ana mzee nyumbani anayesubiri, au anayeishi Kisauni, Changamwe au hata Ukunda na anataka kubeba chakula cha mjini bila kukifikisha kikiwa uji.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe, maana mgeni akiambiwa "nenda Marikiti ukanunue chakula" anaweza kufika akashangaa. Marikiti, ambayo kwa jina la karatasi ni Soko la Mackinnon, iko kando ya Barabara ya Digo, na ndani yake utakuta nazi, ndizi, maembe, mchicha, ndimu na pilipili. Vibichi vyote. Ukizunguka nje ndipo unapopigwa na harufu ya bizari, mdalasini na karafuu kutoka maduka ya viungo, na wauza mabuyu na achari waliopanga ndoo zao. Chakula kilichopikwa kiko mbele zaidi, ukishaingia vichochoro vya Mji wa Kale kuelekea upande wa Ngomeni. Pale wapishi wengi ni akina mama wanaopikia uani na kuuzia barazani. Usitafute kibao. Fuata harufu ya mafuta na tui, na ukiona watoto wamesimama na mabakuli mikononi, wametumwa na mama zao, jua umefika.

Ile mara ya kwanza nilifika saa tatu na nusu asubuhi, nikiwa nimekunywa chai yangu kwa raha nyumbani. Nikampata mama mmoja anakunja mkeka wa meza. Nikamwamkia, nikamuuliza mahamri. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mahamri ni ya alfajiri. Njoo kabla ya saa moja, na uje na chombo chako."

Nikanunua mabuyu ya shilingi 100 na bizari nzima, nikarudi. Mamangu aliyala mabuyu, lakini nilimwona alivyoutazama ule mkoba nilipoutua, na sikulala vizuri.

Mara ya pili nilivuka na watu wa swala ya alfajiri. Feri wakati huo ina nafasi, upepo ni mwanana, na kwa kuwa anayevuka kwa miguu halipi kitu, gharama yangu ilikuwa nauli ya matatu tu kutoka upande wa pili. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mbele ya baraza lile lile. Bi yule (simtaji jina kwa sababu hakuniruhusu, na biashara yake haina jina) alikuwa ameketi kwenye kibao kifupi, unga umeumuka kwenye beseni mpaka umeinua kitambaa. Aliniambia ameukanda usiku: unga wa ngano, hamira, sukari, iliki aliyoitwanga mwenyewe, na tui badala ya maji. Hapo ndipo hamri linapoachana na andazi la kawaida.

Nilisimama pale karibu nusu saa, na sikujutia hata dakika. Anachukua donge, analisukuma duara, anapitisha kisu mara mbili, yanatoka mapande manne. Anatupia moja karaini kulijaribu. Likazama, likaibuka, naye akaanza kulimwagia mafuta ya moto juu kwa upawa, haraka haraka, mpaka likafura kama shavu la mtoto. Akaligeuza mara moja tu. Akalitoa, akalipasua kwa vidole bila kujali moto, akanionyesha ndani: tupu, kuta nyembamba, na ule mvuke wa iliki ukanipanda puani. "Likiwa zito ndani, unga haukulala," akasema. Nikamwelewa mamangu kwa nini huvunja kabla ya kula.

Pembeni palikuwa na sufuria la mbaazi. Hapa pia kuna ufundi ambao hoteli nyingi siku hizi zimeuacha. Mbaazi zinachemshwa mpaka ziive kabisa, kisha zinapikwa na tui la pili, lile jepesi, na kitunguu na pilipili mbichi nzima zisizopasuliwa. Tui la kwanza, lile zito, huingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na mtu anakoroga bila kuacha ili lisikatike. Zikiwa zimepikwa hivyo, mbaazi zinang'aa juu na hazitengani na mchuzi wake. Zile zilizotiwa tui lote kwa pamoja utaona maji yamejitenga upande mmoja na mbaazi upande mwingine. Tazama sufuria kabla ya kulipa.

Nilichukua mahamri 20 na mbaazi za kutosha watu watatu, nikalipa alichoniambia. Kwa kazi niliyoiona ikifanyika mbele ya macho yangu, naona ni bei ya chini mno, na nilimwambia hivyo.

Sasa, kubeba. Nilikuwa nimekuja na hotpoti yangu kubwa, najiona nimejiandaa. Bi akanizuia mkono. "Usiyafungie yakiwa ya moto. Yatatoka jasho, yafike yamelegea." Akayapanga kwenye karatasi ya khaki, akaniambia niyafunge kwa leso, leso kavu ya pamba, nisibane. Mbaazi ndizo ziingie hotpoti. Leso ilinyonya mvuke, mahamri yakafika Likoni yakiwa vuguvugu, yamesimama, hayakushikana. Mbaazi zilikuwa zimeganda kidogo, kama zinavyofanya zikipoa. Unaziongeza vijiko viwili vya maji ya moto, unazirudisha motoni kidogo, zinalegea. Na zile ni za tui, kwa joto letu hili usiziweke mezani hadi mchana. Kula asubuhi, na zilizobaki zichemshe tena au zitie kwenye friji mapema.

Mamangu alilivunja la kwanza. Akalinusa. Hakusema kitu. Akachovya kwenye mbaazi, akala, akachukua la pili, na alipofika la tatu ndipo akaniuliza, "Ni nani huyu? Anakaa baraza gani?" Nikamweleza. Tukakaa mpaka saa nne, ananitajia nyumba baada ya nyumba, nani alipika nini, nani alikuwa na mkono wa vibibi, nani alipika mkate wa sinia wa kuagizwa harusini. Nilijifunza mengi kuhusu utoto wake asubuhi ile.

Ndiyo maana nikapanga safari ya tatu iwe ya jioni, kwa ajili ya viazi karai.

Jioni pale ni mji mwingine. Kati ya adhuhuri na alasiri vichochoro vimelala, jua limepiga, milango imefungwa nusu, na usijaribu kununua chochote kilichopikwa, kwa sababu kama kipo ni cha asubuhi. Baada ya alasiri makarai yanatoka tena. Mkaa unawashwa, mishkaki inaanza kutoa moshi, wazee wa kahawa wanatua madele yao, na watu wanashuka kutoka makazini wakipita kuchukua cha kula na chai. Pikipiki nazo zinapita humo humo kwenye kichochoro cha upana wa mikono miwili, zinapiga honi, na mara mbili ilibidi nibane ukutani na mkoba wangu. Hilo silipendi na sioni sababu ya kulificha. Anayekuja na watoto wadogo awashike mkono.

Viazi karai, kwa asiyevijua: ni viazi vilivyochemshwa, vikamenywa, vikachovywa kwenye rojo nzito ya unga iliyotiwa bizari ya manjano na chumvi, kisha vikatumbukizwa kwenye mafuta yaliyochemka sawasawa. Rojo ikiwa nyepesi inavuliwa na mafuta, kiazi kinabaki uchi. Ikiwa nzito mno unakula unga. Kijana niliyenunua kwake alikuwa anachovya kwa mkono wa kulia na kuopoa kwa kijiko cha matundu kwa mkono wa kushoto, na kila alipotumbukiza kimoja alikizungusha kidogo kabla ya kukiachia, ili kisitulie chini ya karai kikashika. Alikuwa na chatne mbili: ya ukwaju, nyeusi, nzito, yenye sukari kidogo; na ya nazi, iliyosagwa na pilipili mbichi, dania na ndimu. Kiazi kinapasuliwa, chatne inamwagwa ndani, unakula umesimama. Mimi nilikula viwili pale pale, kwa shilingi 10 kila kimoja, kwa sababu kusema kweli kiazi karai kinachosafiri si kile kinacholiwa karaini.

Lakini kinaweza kusafiri vizuri ukikijua. Shida ni mvuke, kama ilivyo kwa mahamri, na shida kubwa zaidi ni chatne. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017 kila muuzaji alikuwa na vile vifuko vyepesi vya nailoni. Chatne inamiminwa, mdomo unapigwa fundo, unaondoka. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, hivyo vikaondoka navyo. Mimi naiunga mkono marufuku ile kwa moyo wote. Sisi wa Likoni tunajua ufuo ulivyokuwa, na mitaro ilivyokuwa ikiziba mvua za masika zikianza. Ila baadhi ya wauzaji hawajapata kitu kizuri cha kushika pahala pake. Nilipewa chatne ya ukwaju kwenye kikombe cha kifuniko chembamba. Kwenye feri ya saa kumi na mbili, watu wamesongamana bega kwa bega, kifuniko kikaachia. Ukwaju ukanimwagikia buibui, ukamchuruzikia kaka aliyesimama kando yangu mpaka kwenye kiatu. Niliona aibu, nikamwomba radhi, naye akasema, "Si kitu dada, lakini harufu hiyo, umeinunua wapi?" Nikamwelekeza.

Kwa hiyo chukua chupa ya jemu yenye kifuniko cha kukaza, iliyooshwa ikakauka. Wauzaji hawakasiriki ukiwapa chombo chako, wengine hata hukuongeza. Viazi na bhajia vitie kwenye kikapu au boksi la karatasi, usivifunike kabisa. Ukifika nyumbani vitie kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika chache kila upande. Vitarudi kuwa vigumu nje. Ukivitia mafuta tena vitayanywa.

Bhajia za kunde ndizo zilizonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Zinatengenezwa kwa kunde zilizolowekwa, zikafikichwa mpaka maganda yakatoka, zikasagwa na kitunguu na pilipili. Kumenya kunde ni kazi ya subira, na wengi sasa huchanganya unga wa dengu ili kuokoa muda. Ukitaka kujua, ipasue: ya kunde tupu ndani ni nyeupe yenye chembechembe, inakauka vizuri, na hata ikipoa haigeuki mpira. Hizi zilifika Likoni zikiwa karibu sawa na zilivyotoka. Kama una nafasi ya kubeba kitu kimoja cha jioni, beba hizi. Na kachiri, zile chipsi nyembamba za muhogo zenye pilipili na ndimu, hizo hata ukizipeleka Nairobi kwa basi zitafika salama.

Sasa lile lililoniuma. Nilitaka sambusa za nyama, kwa sababu mamangu alizitaja kwa jina. Nikapita kibanda kimoja karibu na barabara kubwa, kisafi, kina kabati la kioo na taa ndani, sambusa zimepangwa safu safu, manda imekunjwa vizuri. Nikanunua 10. Hazikuwa zinakaangwa mbele yangu, nikajiambia haidhuru. Nyumbani mamangu akauma ya kwanza, akaitoa mdomoni taratibu kwenye leso yake, akaniambia kwa upole, "Hii nyama ni ya jana." Nikaionja. Alikuwa sahihi. Zilikuwa zimerudishwa kwenye mafuta, nje ngumu kama kadi, ndani nyama imechacha. Nilizitupa zote. Zaidi ya pesa, niliumia kwa sababu mzee alikuwa amezisubiri tangu mchana na amekataa kula chakula kingine ili aache nafasi. Muuzaji simtaji. Ninachosema ni kwamba kabati la kioo lisikudanganye. Nunua pale karai linapochemka, ngoja chako kitoke, hata kama foleni ni ndefu. Sambusa hasa, na chochote chenye nyama ya kusaga.

Mengine kwa ufupi. Karibu kila mtu anapokea M-Pesa, lakini asubuhi mapema beba noti ndogo, mtandao ukisumbua utakwama na watoto nyuma yako wanataka kupita. Salimu kabla ya kuuliza bei. Watu wa Mji wa Kale hawapendi kuulizwa "hii ngapi" kavu kavu, na ukisalimu utapewa hadi siri za mapishi, kama nilivyopewa mimi. Adhana ikilia, ngoja, wengi wanaacha makarai kwa vijana au wanafunika kabisa. Ijumaa mchana usihesabu kupata kitu mpaka watu watoke msikitini. Na mwezi wa Ramadhani kila kitu hugeuka: asubuhi hakuna kitu, lakini kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi meza zinajaa kaimati, vibibi, mikate ya nyama, mihogo ya nazi, viazi vya rojo. Wakati huo toka mapema, kwa sababu foleni ya feri saa za kufuturu ni mtihani, na wengi hufuturu kwa tende na maji wakiwa katikati ya bahari.

Usafi? Nilichunguza, kwa kuwa ninayemlisha ni mzee. Barazani kwa bi wa mahamri unga ulifunikwa, mafuta yalikuwa ya rangi ya dhahabu na si meusi, na pesa alikuwa anapokea binti yake, mkono ulioshika unga haukugusa noti. Kwa kijana wa viazi mafuta yalikuwa yameanza kuwa meusi ilipokaribia magharibi, kwa hivyo ukienda kwa wauza viazi, nenda mapema, karibu na saa kumi. Meza na viti vya kulia hamna sehemu nyingi, na maji ya kunawa ni ya jagi. Kwangu mimi si tatizo, nilikwenda kubeba.

Nimewahi kununua mahamri na mbaazi kwenye hoteli za mjini zenye viyoyozi, kwa bei mara tatu, yakapangwa kwenye sahani nyeupe. Hayakuwa mabaya. Lakini hayakuwa yamelala usiku na tui, na hilo ulimi wa mtu aliyezaliwa Kibokoni hulijua kwa tonge la kwanza.

Kimebaki kitu kimoja ambacho sijakipata: mkate wa mofa, ule wa mtama unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Mamangu anautaja kama mtu anavyotaja jamaa aliyesafiri. Nilipomuuliza bi wa mahamri, akacheka kidogo, akaita juu dirishani kwa jirani yake, wakazungumza kwa lafudhi ile ya Kimvita ambayo nyumbani kwetu sasa anaisema mamangu peke yake. Jirani anaupika, lakini kwa kuagizwa tu, na anawasha tanuri siku ya Ijumaa. Nikaagiza mikate sita, nikaacha nusu ya pesa. Akaniambia nije na kikapu cha ukili, mofa hataki kufungiwa.

Kikapu nimeshakianika. Mamangu naye amemtuma mtoto wa jirani kwa wavuvi, amwekee changu wa kupaka siku hiyo hiyo.